Mshale wa Pili

Bamvua hili nilikwenda Jambiani kumsaidia mama kuvuna mwani. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yameshapwa, yamekwenda mbali kuelekea mwambani, nasi tumechutama baina ya vigingi tunafungua taitai, vikamba vinavyoushika mwani. Nikamweleza, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wa fizikia, kwamba mwezi ndio unaoivuta bahari. Hilo alilijua kabla sijazaliwa. Akaniuliza: "Na bahari, mwanangu, yaufanya nini mwezi?"

Miaka kumi na miwili nafundisha, na ubaoni huchora mshale mmoja tu, kutoka majini kuelekea mwezini. Newton alishasema tangu 1687 kwamba kivutacho nacho huvutwa. Nimelisoma, nimelitungia mitihani. Sikuwahi kulifikiri nikiwa nimesimama ndani ya maji yenyewe.

Bahari huusukuma mwezi. Dunia hujizungusha upesi kuliko mwezi unavyoizunguka, basi tuta la maji yaliyojaa hutangulizwa mbele kidogo ya mwezi, na mvutano wa tuta hilo huukokota mwezi katika njia yake. Mwezi hupanda, ukawa mbali zaidi: sentimita 3.8 kwa mwaka. Tunajua kwa miale ya leza inayorudishwa na vioo vilivyoachwa huko juu, vya kwanza mwaka 1969. Dunia nayo hulipa. Maji yakisuguana na sakafu ya bahari, mzunguko wake hupungua kasi na siku hurefuka, kidogo mno.

Usiku nikawakumbuka wahenga wa Kichina wa falsafa ya Tao. Yin, kwa asili ya neno, ni upande wa mlima wenye kivuli. Yang ni upande wenye jua. Mlima ni mmoja. Niels Bohr, mwanafizikia wa Denmark na mmoja wa waasisi wa fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo mno, alipopewa nishani ya Tembo, heshima kuu ya nchi yake, mwaka 1947, alichagua alama ya yin na yang iwe kwenye ngao yake ya nembo. Wako wanaosema basi Watao waliijua fizikia ya kwanta zamani. Sikubali. Hawakupima sentimita, na kupima ndiyo kazi yetu. Lakini walikataa kuutazama upande mmoja peke yake, nami nimewafundisha watoto wa watu upande mmoja miaka yote hii.

Asubuhi nikampelekea mama jibu. Akasikiliza, kisha: "Tangu nianze mwani, mwezi umekwenda mbali kiasi gani?"

Alianza 1990. Nikapiga hesabu: mita moja na thuluthi.

Akachukua kamba, akaipima kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole, mara tatu, akabaki ameishika.