Maua ya Shingoni

Shangazi yangu huchora hina za maharusi mashariki mwa London. Siku niliyompeleka British Museum nilikuwa na maelezo tele kichwani, maana nilikuwa nikisomea mambo ya kale. Tulipofika ghorofa ya juu, penye mitungi ya Wagiriki wa kusini mwa Italia, nikaanza kumweleza picha za tumboni: miungu, mashujaa, marehemu aliyeketi ndani ya kijumba cheupe. Hakuwa nami. Alikuwa amesimama mbele ya mtungi mkubwa wa Puglia, eneo la huko huko kusini mwa Italia, wa karne ya 4 KK, macho yote shingoni.

Hapo palichorwa kichwa cha mwanamke kikichomoza katika ua, na pande zote mbili vikonyo vinajipinda, vinaachia vitawi, vinafungua maua ya kengele.

"Mwanangu, huyu alikuwa bingwa. Ona kikonyo hiki kinapita nyuma ya kile, halafu kinatokea mbele."

Alisema kweli, na mimi nilikuwa nimepita mitungi kama ile mara nyingi bila kuliona hilo. Wachoraji wa Puglia hawakuridhika na ua bapa. Waliongeza nyeupe na njano juu ya weusi wa mtungi hadi petali zikaonekana kuinuka. Nami nikamweleza jinsi weusi wenyewe unavyopatikana: ni udongo laini uliochujwa, unapakwa kuzunguka picha, kisha unageuka mweusi tanuruni moto unaponyimwa hewa. Hewa ikirudishwa, pale pasipopakwa panakuwa pekundu, na ule mweusi haubadiliki tena.

"Kumbe anachora leo, rangi anaiona kesho," akasema. "Kama hina."

Nikamwambia pia kwamba mitungi mikubwa ya aina hii iliwekwa makaburini, na mingine haikutiwa hata kitako, kwa hiyo haikuweza kushika divai. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kazi yote hii, akasema, kwa mtu aliyekwisha kufa! Walimpenda mtu wao.

Akatoa kalamu mkobani, akanakili vikonyo nyuma ya risiti. Harusi iliyofuata niliviona mkononi mwa bibi harusi, vikipanda kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko, pamoja na zile kengele. Kichwa cha mwanamke hakukichora. Hina, kwake, haiwekwi sura ya mtu.