Daftari la wakala na fomu ya Mholanzi

Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwezi Aprili 1999 kwa hofu ya uvuvi wa sumu, kiwanda cha minofu nilichokuwa nikifanyia kazi Mwanza kilisimama, nasi wa kitengo cha mapokezi tukarudishwa nyumbani. Soko lilipofunguliwa tena, mnunuzi wetu kutoka Uholanzi alikuja na fomu mpya, nami nikatumwa kwenda naye mwalo wa Igombe, mahali wavuvi wanaposhushia samaki, kuwa mkalimani wake.

Alitaka kila shehena itajwe mwalo ilikotoka, na wakala, aliyetukusanyia samaki wa wavuvi, asaini mkataba wa kuachana na mvuvi yeyote ambaye samaki wake wangekutwa na kasoro. Agizo la Ulaya la mwaka 1991 liliitaka mamlaka ya nchi inayouza, kwetu Idara ya Uvuvi, kuthibitisha usalama wa samaki. Lakini maabara hupima mnofu, haimjui aliyetega nyavu usiku.

Wakala, mzee mpole, alituagizia chai, kisha akafungua daftari lililolowa shombo pembeni. Kila mtumbwi ulikuwa na ukurasa wake: nyavu, injini, petroli, fedha za kumtibu mtoto, na upande wa pili kilo za sangara zilizopunguza deni. Saini haikuwapo hata moja.

“Mwanangu, mwambie mgeni,” alisema, “huyu nikimwacha leo, nyavu zangu zimekwenda naye. Nani atanilipa?”

Mholanzi alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani basi anayeweza kumwajibisha mvuvi. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa swali la maana kuliko yote siku ile, hasa kwa kuwa liliulizwa na mtu aliyeamini kwamba pasipo karatasi hapana biashara. Mzee akamwita mwenyekiti wa mwalo, naye akaeleza kwamba anayekamatwa na sumu huzuiwa na kamati kushusha samaki, na nyavu hurudishwa kwa wakala aliyezitoa mbele ya mashahidi.

Kifungu cha kuachana na mvuvi kikafutwa palepale, pakawekwa nafasi ya mhuri wa mwenyekiti. Bei ya kudumu kwa miezi mitatu, iliyotakiwa pia na fomu ile, hata hivyo, mzee aliikataa katakata, kwa kuwa viwanda vilibadilisha bei vilivyotaka. Mholanzi akaondoka na kifungu hicho kikiwa wazi.