Nairobi hadi New York: njia fupi inapita Sahara, si Nigeria

Chukua ramani bapa ya dunia, ile ya Mercator inayotundikwa madarasani, uweke rula kati ya Nairobi na New York. Mstari utapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria ya kaskazini, Burkina Faso na Mali, kisha utaingia Atlantiki kwenye pwani ya Mauritania. Unaonekana umenyooka kabisa, lakini si njia fupi. Ukiufuata utaruka kama kilomita 12,190, wakati njia fupi kuliko zote ni kama kilomita 11,840. Tofauti hiyo ya kilomita 350 ni dakika 23 hivi angani, na kwa Boeing 787-8, inayochoma karibu tani 5 za mafuta kwa saa, ni kama tani 2 za mafuta kila safari.

Njia fupi ni kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia yenyewe. Kama una tufe la dunia, huhitaji hesabu yoyote: bana uzi kwenye Nairobi, uvute hadi New York mpaka ukazike, kisha soma unapopita. Utapita karibu na Lira kule Uganda, Sudan Kusini, Darfur, Chad ya mashariki, jangwa la Ténéré nchini Niger, karibu na Adrar nchini Algeria, kaskazini kidogo ya Marrakech, halafu baharini karibu na Safi. Katikati ya Atlantiki unagusa visiwa vya Azores, karibu kabisa na Terceira.

Asiye na tufe atumie kikokotoo chenye vitufe vya sin na cos. Kanuni ni hii:

cos d = sin A × sin B + cos A × cos B × cos T

d ni umbali kwa nyuzi, A na B ni latitudo za viwanja viwili vya ndege, T ni tofauti ya longitudo. Jomo Kenyatta ya Nairobi iko −1.32 na 36.93, JFK ya New York iko 40.64 na −73.78. Kusini na magharibi huandikwa kwa alama ya kutoa, na hapo ndipo wengi hukosea: badala ya kupata T ya 110.71 wanapata 36.85, na New York inahamia upande wa Asia. Kosa la pili ni dakika za nyuzi. 1°19′ si 1.19, gawa 19 kwa 60 upate 1.32. La tatu ni kikokotoo kilichoachwa kwenye radiani badala ya nyuzi.

Sehemu ya kwanza inatoa −0.015, ya pili −0.268, jumla −0.283. Kosaini kinyume (kitufe cha cos⁻¹) ya hiyo ni nyuzi 106.45. Zidisha kwa 111.2, ambayo ni kilomita za nyuzi moja juu ya duara kuu, na umepata umbali wako. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha, kwa hiyo jibu linaweza kukosea hadi nusu asilimia. Mwanafunzi aliyezoea maswali ya sekondari ya kupima umbali kwenye mstari wa latitudo aangalie hapa: latitudo yoyote isiyo ikweta ni duara dogo, na kulifuata si njia fupi.

Jambo ninaloliona zuri kuliko yote katika hesabu hii ni mwelekeo. Kwenye duara kuu dira haitulii. Ndege inaondoka Nairobi ikielekea nyuzi 312, kaskazini-magharibi, kisha inapinda kushoto polepole mno. Inafika kilele kwenye latitudo 42 kaskazini, kusini ya Newfoundland, ikielekea magharibi kamili, halafu inaanza kushuka kusini na kuingia New York kwa nyuzi 257. Msafiri ndani hahisi chochote.

Kenya Airways ilianza safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, lakini usitarajie kuona uzi wako kwenye skrini ya kiti. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 anga la nchi hiyo lilifungwa, na Darfur iko kwenye mstari wenyewe. Mwezi Agosti mwaka huohuo Niger nayo ilifunga anga lake baada ya mapinduzi, ikalifungua Septemba. Kila nchi inayofungwa inasukuma njia kando. Tena ndege ya injini mbili lazima ibaki ndani ya muda uliowekwa kutoka kiwanja inachoweza kutua kwa injini moja, na juu ya Atlantiki hapo ndipo kiwanja cha Lajes, kule Terceira, kinakuwa cha thamani kubwa.

Halafu upepo. Mpangaji wa safari hatafuti kilomita chache, anatafuta saa chache. Ndege ya kasi ya kilomita 900 kwa saa ikikabiliwa na upepo wa wastani wa 60 hufanya 840 juu ya ardhi: kilomita 11,840 zinachukua saa 14.1. Ikizunguka kilomita 300 zaidi mahali penye upepo wa 30 tu, inafanya 870, na kilomita 12,140 zinaisha kwa saa 13.95. Njia ndefu imeshinda kwa dakika 8. Wakati wa kurudi, upepo uleule wa magharibi unaisukuma ndege kwa nyuma, na mpangaji anaufuata badala ya kuukwepa. Ndiyo maana ratiba iliyotangazwa ilikuwa saa 15 kwenda na 14 kurudi, kati ya viwanja vilevile viwili.