Nilivyopungua mwili bila kungoja harusi

Mimi ni fundi cherehani, Jang'ombe, hapa mjini Unguja, na wateja wangu wengi ni mabiharusi na jamaa zao. Rajabu na Shaabani, kisha Mfunguo Mosi baada ya Idd, tepu haitoki shingoni. Anakuja biharusi ananiambia, "Dada, nikatie inchi mbili ndani, mpaka siku yenyewe nitakuwa nishapungua." Na kweli anapungua. Asubuhi chai kavu, mchana tango, usiku maji. Gauni linapanda, ukumbini anapendeza, mashallah. Fungate ikipita, na masinia ya vyakula anavyopelekewa humo ndani, muda si muda anarudi na lile lile gauni ili avae harusi ya mwenzake. "Dada, zipu haipandi." Nafumua, natanua.

Nimefumua sana. Walionirudia si wavivu, wengine wana nidhamu ya kutisha. Ila hamu yao ilikuwa na tarehe, na tarehe ikishapita hakuna cha kumzuia mtu mkono. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyokuwa nikiishi. Harusi ya mdogo wangu nilipungua, ya binti wa mama mdogo nilipungua, na kila baada ya harusi nilirudi nilikotoka na kuzidi kidogo. Kazi yenyewe ya kukaa: mguu ndio unaotembea, tena juu ya pedeli.

Kilichonishtua ni sukari. Mama yangu ana kisukari miaka mingi, nami nilipokwenda kupima nikaambiwa yangu imepanda, haijafika kisukari lakini iko njiani. Kilo 91, kiuno inchi 42. Shirika la Afya Duniani linasema kiuno cha mwanamke kikipita sentimita 88, kama inchi 35 kwenye tepu yetu, hatari ya maradhi haya inakuwa kubwa. Tepu hiyo hiyo ninayopimia watu kutwa, na sikuwahi kujizungushia mwenyewe kwa nia ya afya.

Mtoto wa kaka yangu anasoma SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, mambo ya afya, na ndiye aliyenituliza. Akanihadithia utafiti mkubwa uliofanywa Marekani, matokeo yake yakatoka mwaka 2002. Walichukua watu 3,234 wenye hali kama yangu. Kundi moja walifundishwa kula na kufanya mazoezi, wakapewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kujishughulisha, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kuingia kwenye kisukari ikashuka kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa ya kisukari, ilishuka kwa asilimia 31. Nikapiga hesabu palepale kwenye kipande cha karatasi ya kukatia: asilimia 7 ya kilo 91 ni kilo sita na kitu. Basi? Mimi nilikuwa nimezoea kujiwekea kilo 25, nirudi nilivyokuwa nikiolewa. Kilo sita zinafikika, na mtu akiona jambo linafikika anaamka asubuhi kulifanya.

Lakini hofu nayo ina tarehe yake. Nilipima tena, majibu yakaja yametulia, na wiki ile ile nikajiona nimekaa na sahani ya mkate wa kumimina mbele yangu kama aliyeshinda mtihani. Nikamwambia yule mtoto. Akaniuliza, "Shangazi, kwani sababu hii ya nani? Ya daktari au yako?"

Huko darasani kwao wanasoma kazi za wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, waliotumia miaka mingi kuchunguza kinachomsukuma mtu. Kuna hamu inayotoka nje: aibu, zawadi, macho ya watu, kauli ya daktari. Na kuna inayotoka kwako, kwa sababu jambo unalithamini au linakupa raha. Ile ya nje inaweza kukuwasha kwa kasi, lakini ya ndani ndiyo yenye kukaa. Akaendelea kunibana: "Ukipungua na asikuone mtu hata mmoja, wewe utapata nini?"

Nilijibu bila kufikiri: ngazi.

Mama anakaa kwenye majumba ya Michenzani, ghorofa ya nne, na lifti hakuna. Nampelekea kikapu: samaki, mbatata, ndizi, na nazi mbili tatu, na nazi ni nzito asikwambie mtu. Nilikuwa nikifika ghorofa ya pili nasimama, najifanya natafuta simu kwenye mkoba ili majirani wanaoshuka wasijue kuwa nahema. Nikifika juu siwezi kuitika salamu ya mama yangu, naonyesha kwa mkono kwanza. Kupanda zile ngazi na kikapu changu bila kusimama, hicho nilikitaka kweli, na hakuna harusi iliyohusika. Tena zile ngazi zipo daima. Kila nikienda kwa mama najipima bila mizani.

Hapo ndipo nilipoacha kuitegemea hamu kwa mambo ya jikoni. Hamu yangu ni nzuri sana asubuhi. Baada ya Alasiri, nguo za watu zimenizidi na mgongo unauma, haipo. Kwa hiyo mambo ya kuamua niliyaamua asubuhi. Dumu la mafuta nikaliweka chini ya meza, juu nikaacha chupa ndogo na kijiko, kwa sababu kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kama kalori 120 na mimi nilikuwa namimina kwa macho. Chapati zikawa za Ijumaa. Mchuzi wa kila siku naupika kwa tui la pili. Kasimele, lile tui zito la kwanza, nawekea siku ya wageni. Changu wa kuchoma badala ya wa kukaanga, mchicha na mtoriro kwa wingi, wali kwenye sahani ya chai. Chai ndiyo iliyonisumbua kuliko vyote. Vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, na fundi cherehani anakunywa chai kila mteja anapokaa. Nikaongeza mchaichai, iliki na tangawizi, nikapunguza sukari kijiko kimoja kwanza, na siku moja nikaonja chai ya mdogo wangu nikaona tamu mno, haipiti kooni.

Kutembea ni baada ya Alfajiri. Tunatoka wanawake wa mtaani, mabaibui na raba, hadi viwanja vya Maisara na kurudi. Wengi wanaanza tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi, vikundi vinapojaa barabarani na kila mtu ana fulana mpya. Ikifika Machi tumebaki wale wale. Nilikuwa nikidhani sisi tuliobaki tuna moyo zaidi, lakini nadhani tofauti ni kwamba sisi tunapitiana. Jirani anagonga dirisha. Ukishagongewa dirisha, kubaki kitandani kunahitaji maelezo, na saa kumi na moja na nusu hakuna mwenye nguvu ya kutoa maelezo. Yule mtoto aliniambia kuna utafiti wa chuo kikuu kimoja cha London, wa mwaka 2010, uliofuatilia watu wanaojijengea mazoea mapya: kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kufanyika bila kujisukuma, lakini wengine walifika kwa siku 18 na wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Nilifurahi kusikia hiyo 254, maana mimi nahisi niko upande huo.

Sasa niseme habari ya watu, kwa sababu hapa kwetu ndiyo ngumu kuliko njaa. Mwanamke aliyeolewa akinenepa, watu wanasema kanawiri, mumewe anamtunza. Akipungua, anaulizwa. "Mbona umekonda hivyo, kuna nini nyumbani?" "Umepima damu?" Wifi yangu alimfuata kaka yake kumuuliza kama ananilisha. Wateja nao: fundi aliyekonda anaonekana hana kazi. Mwanzo nilikuwa najieleza, sukari, daktari, mama yangu, na kila nikijieleza mjadala unakua. Baadaye nikawa nasema, "Alhamdulillahi, mzima, nafanya mazoezi," kisha namuuliza habari za watoto wake. Wanachoka wenyewe.

Na kuna sinia. Kwenye shughuli tunakula wanne watano sinia moja, na kwenye sinia hakuna anayejua kala kiasi gani. Ukisimamisha mkono mapema wenzako wanaona haya kuendelea, unakuwa umewafukuza chakulani. Kwa hiyo mkono wangu hausimami. Naanza na kachumbari, namalizia nyama pole pole, nazungumza sana, pilau ya upande wangu nawasogezea wenzangu. Hakuna aliyewahi kunigundua, au waliogundua wamenisitiri.

Kilo zangu sita zilishuka, zikashuka na nyingine kidogo, halafu mizani ikasimama. Chakula kile kile, Maisara ile ile, na njaa ikazidi. Kipindi hicho ndicho wengi wanachokimbilia majani na vidonge vya kuondoa tumbo, au wanajilaumu kuwa wana uroho. Mimi nilianza kujilaumu. Mtoto wa kaka akaniletea habari za watafiti wa Australia, Priya Sumithran na wenzake, waliochapisha mwaka 2011: waliwapima watu waliopungua kwa kula kidogo sana, na mwaka mzima baadaye homoni zao za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa, mwili ukiendelea kudai chakula. Tena mwili mdogo unatumia chakula kidogo kuliko mwili mkubwa, kwa hiyo kile kilichokupunguza mwanzo kinafika mahali kinatosha kukuweka tu ulipo. Kumbe njaa yangu ilikuwa na sababu, na haikuwa tabia mbaya. Sijui kama ningevuka pale bila kulijua hilo. Nikaacha kutafuta kushuka zaidi, nikakubali kazi ya kubaki, ambayo haina shangwe. Hakuna anayekusifu kwa kuwa kama ulivyokuwa mwezi uliopita.

Ramadhani nayo ina hesabu yake. Majimbi ya nazi, muhogo, ndizi, sambusa, katlesi, kaimati, na kila jirani analeta bakuli. Kurudisha bakuli la mtu na chakula chake ndani ni ugomvi. Mwezi huo sijiwekei lengo la kupungua. Nafuturu tende na shurba kwanza, nasali Magharibi, ndipo narudi kwenye vingine nikiwa na akili zangu. Maisara naihamishia baada ya Tarawehe, tunatembea polepole, mji mzima uko macho.

Siku hizi najipima kiuno kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kufungua duka, na tepu ya kazini. Kinacheza kati ya inchi 37 na 38. Bado hakijafika 35 na huenda kisifike. Kwa mama nafika na kikapu, naitika salamu kutoka mlangoni. Baada ya Idd kinapanda kama inchi moja, na kinarudi taratibu kuelekea Mfunguo Tatu. Nimejiwekea sheria: kikipita 38, kasimele na chapati za Ijumaa zinasimama mpaka kirudi. Urojo wa Alhamisi hausimami.