Nilivyotafsiri na kuendesha programu yangu ya kwanza ya C kwenye terminali

Nilipoanza kujifunza lugha ya C nilikuwa na kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ndogo, ambayo ililemewa na programu kubwa za kuandikia msimbo, kwa hiyo niliamua kufanya kazi yote katika terminali ya Ubuntu, yaani dirisha la kuandikia amri. Hadi leo naamini kwamba njia hiyo inamfaa hata mwanafunzi mwenye mashine yenye nguvu, kwa sababu inamwonesha kazi ambayo kitufe kimoja cha kubofya humficha.

Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine (hapa ni gcc), niliipata kwa amri hii, ambayo ndiyo pekee iliyohitaji bando la intaneti:

sudo apt install build-essential

Kisha nilifungua kihariri cha nano na kuandika faili la salamu.c:

#include <stdio.h>

int main(void)
{
    printf("Habari, dunia!\n");
    return 0;
}

Baada ya kulihifadhi, niliandika amri mbili, ya kwanza ya kutafsiri na ya pili ya kuendesha:

gcc -Wall salamu.c -o salamu
./salamu

Amri ya kwanza ikifanikiwa haisemi neno lolote, na ukimya huo ndio habari njema. Sehemu ya -Wall huitaka kompaila itoe maonyo mengi yenye manufaa, nami namsihi kila anayeanza asiiache. Sehemu ya -o hutaja jina la faili litakalotokea, ambalo bila hivyo lingeitwa a.out. Nukta na mkwaju katika amri ya pili ni lazima, kwa kuwa terminali hutafuta jina la amri katika folda zilizoorodheshwa kwenye PATH tu, na folda uliyomo kwa kawaida haimo katika orodha hiyo. Hiyo ni kinga: mtu akiweka faili ovu lenye jina la ls (amri ya kuorodhesha mafaili) ndani ya folda fulani, halitaendeshwa badala ya ls halisi unapoingia humo.

Maneno yalipotokea nilifurahi sana, lakini nilitaka kujua yamepitia wapi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba gcc inaweza kuamriwa isimame katikati ya kazi. Kwa -E inaishia kwenye hatua ya kuingiza yaliyomo katika stdio.h, na mistari yangu michache ikageuka kuwa mamia. Kwa -S inatoa faili la salamu.s, lenye lugha ya asembli, ambayo ni maagizo ya mashine yaliyoandikwa kwa maneno mafupi. Nililisoma taratibu nikitafuta printf, na sikuiona popote; mahali pake palikuwa na puts. Kompaila ilikuwa imetambua kwamba maandishi yangu hayana thamani ya kupangilia na yanaishia kwa mstari mpya, hivyo ikachagua kazi nyepesi zaidi inayoleta tokeo lilelile. Ugunduzi huo ulinifundisha zaidi ya maelezo mengi niliyowahi kusoma: kompaila haibadilishi neno kwa neno, bali hulinda maana ya programu na kujichagulia njia.

Kwa -c nilipata salamu.o, faili la lugha ya mashine ambalo bado haliwezi kuendeshwa, kwa kuwa puts yenyewe haimo ndani yake. Hatua ya mwisho, ya kuunganisha, ndiyo inayoifungamanisha programu na maktaba ya C, yaani mkusanyo wa kazi zilizoandikwa tayari kama puts, na amri ya ldd salamu ilinionesha maktaba hiyo kwa jina la libc.so.6.

Nilichunguza pia ile return 0. Mara baada ya programu kumaliza, amri ya echo $? huonesha namba iliyorudishwa, na sifuri humaanisha kwamba mambo yamekwenda sawa. Nilibadilisha sifuri kuwa 3, nikahifadhi, nikaendesha, na terminali ikaendelea kuonesha 0, kwa sababu faili linaloendeshwa ni lile lililotafsiriwa awali na halina habari na mabadiliko ya msimbo hadi litafsiriwe upya.

Tangu hapo nimezoea kuandika make salamu. Bila kuhitaji faili lolote la maelekezo, make hulinganisha muda wa salamu.c na wa salamu, ikaita kompaila pale tu msimbo unapokuwa mpya zaidi. Niliitumia, nikaendesha programu, na echo $? ikatoa 3.