Ile pole ya mpiga picha

Jumanne nilikwenda Majengo kupiga picha za pasipoti saizi. Kijana akanikalisha kwenye stuli mbele ya kitambaa.

"Mama, usikodoe macho."

"Sijakodoa, mwanangu."

"Basi yalegeze kidogo. Kama mtu anayesinzia."

"Ndivyo yalivyo."

Akashusha kamera, akanitazama mwenyewe. "Aah. Pole."

Mengine nimeyameza. Hiyo pole ndiyo imekataa kushuka. Pole ya namna gani? Ya aliyejikwaa au ya msibani? Aliitamka chini chini, kama aliyechungulia chumba kisicho chake. Nimeirudia kwenye daladala, nimeirudia nikichambua mlenda, na usiku nikamwigizia Baba Tito mpaka akasema, "Sasa mtoto wa watu kakosa nini?" Hajakosa kitu. Angekosa ningemtukana yakaisha.

(Upendo kajifungua salama, wa kike, na ofisi yetu imehamia Mtumba. Siku nyingine.)

Alhamisi majibu ya damu yakarudi kutoka Dar. Mnajua nina mwaka na nusu nameza kabimazoli, vidonge vya kuituliza tezi ya shingo inayotoa homoni kupita kiasi, na kila homoni zikitoka vizuri naambiwa tezi imetulia, nenda nyumbani. Kule nilikoanzia walisema macho ni vumbi la Dodoma. Vumbi lipo, sibishi, Agosti hii upepo unatikisa mpaka mabati. Lakini tangu lini vumbi likasukuma jicho mbele, usiku ukalala kope hazikutani?

Huyu daktari mpya akatuonyesha karatasi. Homoni ziko sawa, kingamwili, wale askari wa mwili wa kupigana na magonjwa, bado ziko juu. Kwa kawaida, kasema, kuna homoni inayotoka chini ya ubongo kuiamuru tezi ifanye kazi. Kingamwili zangu zimejigeuza ufunguo bandia wa homoni hiyo: zinaingia kwenye kufuli lake, tezi inakesha ikichapa kazi. Tena kufuli la namna hiyohiyo liko kwenye mafuta na misuli iliyo nyuma ya jicho. Zikilifungua na huko kunavimba, na kwa kuwa nyuma ni mfupa, jicho halina pa kwenda ila mbele. Vidonge vinaibana tezi. Macho yanaweza kufuata kalenda yake.

Mimi na Baba Tito tukatazamana, tukaangua kicheko mpaka daktari akaweka kalamu chini. Mnaokumbuka kule Ipagala, ufunguo wa Mama Eliya ulivyokuwa unafungua mlango wangu, kwa sababu mwenye nyumba alinunua makufuli yote duka moja! Tulimshuku kila mtu, hadi mganga wa mtaa wa pili. Kumbe ni ufunguo tu.

Majibu si mazuri, sijipi moyo wa bure: kingamwili zikiwa juu hivyo macho yana hatari zaidi, na nitapimwa tena baada ya miezi mitatu. Ila nilitoka mle shingo imenyooka. Si vumbi, si kijicho cha watu, na sikukodoa. Akauliza pia nani anavuta sigara nyumbani. Baba Tito akaanza kusoma dari. Moshi unayazidisha, kasema, hata wa mwenzio. Tangu juzi mzee anavutia nje ya geti, na kanga yangu begani kwa ajili ya upepo. Majirani wanadhani nimemfukuza.

Picha nimezitoa tena kwenye bahasha. Macho ni ya mtu aliyekanyaga nyoka, lakini kilemba kimekaa vizuri sana. Kwa nini hakusema kitu kuhusu kilemba?

Sasa kuna tetea wangu wa madoadoa, tangu asubuhi hajagusa pumba, kajikunyata karibu na ndoo na mbawa kaziachia. Chanjo ya kideri tuliwadondoshea lini, Mei? Na jana jioni jirani wa nyuma alikuwa anachimba kishimo kidogo, nilipomsalimia akaharakisha kufukia.