Simu na Nahodha

Nahodha ana miaka tisa na nyumba ni yake. Mimi, bibi na mdogo wangu tunaishi humo kwa hisani tu. Asubuhi hulala kwenye baraza ya daka, pale mbele ya mlango wa nje, mpaka jua limfikie, kisha hupanda ngazi hadi juu chini ya makuti, na baada ya alasiri hushuka kungoja samaki. Wageni wanaopita mtaani kwetu Mkomani, Lamu, kutazama milango humpiga picha, na miguu yake mirefu na masikio yake makubwa, wakasema amefanana na paka waliochorwa Misri ya kale. Yeye hata hawatazami.

Kipaka Simu tulimwokota mwezi wa tano, masika yamekolea, nyuma ya soko la samaki, chini ya rundo la makuti yaliyooza. Mdogo wangu alimleta kwenye kikapu, amelowa chapachapa, sauti kubwa kuliko mwili. Jina alimpa yeye, kwa vile ni mwembamba na ana rangi ya fedha kama wale samaki wadogo waitwao simu. Tulijuta baadaye. Siku moja nilitoka kichochoroni nikiita, “Simu amepotea jamani, nani amemwona Simu?” Vijana wawili waliokuwa barazani wakatoa zao mfukoni, wakaniuliza namba ili waipigie.

Kosa langu nililifanya siku ileile ya kwanza. Nilidhani paka ni kama watoto wa majirani: waweke mkekani pamoja, watazoeana wenyewe. Nikamweka Simu katikati ya msana, ule ukumbi mrefu wa nyumba zetu. Nahodha alikuwa anashuka ngazi, akasimama kipandio cha tatu kutoka chini. Mkia ukamvimba ukawa kama brashi ya chupa. Akatoa sauti kama mafuta ya moto yaliyoingiwa na maji. Simu naye, kiganja kimoja cha paka, akapinda mgongo akasimama upande-upande. Kofi lilikwenda kabla sijainuka. Simu akajitupa nyuma ya kabati, ikabidi tulisogeze watu watatu. Nahodha akapanda juu, akapita kipaa cha jirani, na hakurudi siku mbili. Aliporudi alikojolea mkoba wangu wa kazini.

“Mwate, mwanangu,” bibi aliniambia nilipotaka kumfokea. “Hoyo ana ghera.” Yaani nimwache, ana wivu.

Mdogo wangu alishauri Simu arudishwe sokoni. Bibi hakutaka kusikia. Alitutajia Abu Huraira, yule sahaba aliyepewa lakabu kwa ajili ya kipaka chake, na yule mwanamke wa kwenye hadithi aliyemfunga paka mpaka akafa kwa njaa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa hiyo tukaanza upya. Hapa Lamu punda wana kituo chao cha matibabu tangu 1987, na siku hizi paka pia wana pa kupelekwa. Daktari wa wanyama alimtazama Simu meno, akamweka kwenye mizani: gramu 700. Akakadiria wiki saba. Akampa dawa ya minyoo, akamsafisha viroboto, akatupangia chanjo ya kwanza wiki ya nane na ya kichaa cha mbwa wiki ya 12. Kisha akasema jambo ambalo ningelisikia mapema lingeniokolea mkoba: huyu mdogo akae chumba chake peke yake wiki mbili nzima. Kwanza, paka wa kuokota anaweza kuwa na mafua ya paka ambayo bado hayajajitokeza, akamwambukiza mkubwa. Pili, mkubwa apate nafasi ya kumjua bila kumwona.

Chumba chake peke yake! Anayeijua nyumba ya kale ya Kiamu atacheka. Msana wa mbele unaingia msana wa nyuma, msana wa nyuma unaingia ndani, na kati yake ni pazia. Mlango wa kufungika tulikuwa nao mmoja tu mbali na wa nje na wa choo, nao ni wa stoo ya bibi chini ya ngazi. Tukatoa mbuzi za kukunia nazi, debe la mchele na majamvi, tukamwekea Simu beseni la mchanga, maji, na kikapu chake kilekile. Bibi alimpa na maziwa ya ng’ombe, kwa huruma. Usiku mzima Simu aliharisha. Maziwa hayo paka wengi hawayawezi. Tangu hapo alipewa maji, na samaki wa kuchemsha asiye na chumvi wala kitunguu, miiba imetolewa, mara nne kwa siku.

Sasa ikaja kazi ya harufu. Paka humjua mwenzake kwa pua kabla ya macho. Ndiyo maana hujisugua mashavu kwenye pembe za kabati: pale shavuni anatoa harufu yake na kuiacha. Nilikuwa na doti ya leso iliyochakaa, jina lake “Wawili wakipendana adui hana nafasi.” Nikaikata. Kipande kimoja nikakitandika anapolala Nahodha, cha pili kwenye kikapu cha Simu. Baada ya siku mbili nikabadilisha. Nahodha alikinusa kile cha Simu, akakizunguka, akaenda kulala sakafuni. Kesho yake akalala pembeni yake. Siku ya nne nilimkuta juu yake, amekikunja chini ya kifua. Jina la leso sidhani kama alilisoma.

Chakula nacho tukakitumia. Sahani ya Nahodha tuliiweka hatua tano kutoka mlango wa stoo, ya Simu upande wa ndani, nao wakala wakati mmoja, mlango umefungwa. Kila siku nilisogeza sahani kidogo. Akiacha kula na kuukodolea macho mlango, kesho yake nilirudisha nyuma. Hapo ndipo palipotaka subira, maana kuna siku nne mfululizo sahani haikusogea hata inchi. Na kila mara Nahodha alipewa kwanza. Simu alipiga kelele utadhani anachinjwa, lakini alingoja.

Wiki mbili zilipopita na mafua hayakutokea, tulitaka waonane bila kugusana. Mdogo wangu akatundika kipande cha wavu wa kuvulia mlangoni. Wazo zuri, kwa dakika tatu. Simu alikwea, kucha zikanasa, akaning’inia analia, na Nahodha akakimbilia juu tena. Tulimnasua kwa kuukata wavu kwa mkasi. Usiku ule tulifunga waya wa banda la kuku, wenye matundu madogo, na huo ukafaa. Siku ya kwanza Nahodha alinguruma. Siku ya tatu alikaa mbele ya waya akijilamba mguu, amempa Simu mgongo. Paka anayekupa mgongo hakuogopi. Nilifurahi kama niliyepata mshahara.

Siku ya kutoa waya nilimchosha Simu kwanza kwa kamba na unyoya wa kuku, karibu nusu saa, ili asiingie na vurugu zote za utoto. Dakika tano, nikamrudisha stoo. Kesho dakika kumi. Nahodha alifoka mara mbili na sikumkaripia: kufoka ndiyo njia yake ya kusema “ishia hapo”, na Simu alielewa kuliko nilivyoelewa mimi. Pale juu ya kabati niliondoa vyombo vya bibi ili mzee awe na pa kukwea asikofikiwa. Bibi bado ananidai sahani moja ya kaure.

Mpaka kuwaacha pamoja usiku, ilichukua wiki sita tangu siku ya makuti. Mabeseni ya mchanga yako matatu, na mchanga kwetu si wa kununua. Kila mmoja ana lake, la tatu limewekwa kwa amani, ingawa Nahodha hulitumia kwa makusudi mara tu ninapomaliza kulisafisha.

Hawalali pamoja. Sijawahi kuwaona wakilambana, na anayeniuliza kama wamekuwa marafiki namjibu kuwa ni wapangaji. Jana Nahodha alikuwa barazani, mkia umening’inia, na Simu chini yake akiutazama unavyocheza. Akaruka, akaung’ata. Nahodha akainua mkono, akauweka hewani kidogo, akampiga kofi moja la kichwa, kucha ndani. Kisha akauvuta mkia juu, akaukalia, akaendelea kulala. Simu alizunguka mara tatu akitafuta wa kwake.